Viungo vya Kizimbani na Biashara ya Umri Mrefu

Kizimbani ni miongoni mwa mashamba ya mwanzo kupandwa mikarafuu Unguja. Saleh bin Haramil aliipanda hapo na Mtoni mwanzoni mwa karne ya 19, kisha Seyyid Said akamnyang'anya mashamba yake. Leo Kizimbani ina watafiti wa kilimo wa taasisi ya ZARI, na ina watalii wanaoletwa kunusa jani la mdalasini, kupasua kungumanga na kuchafua vidole kwa manjano mabichi. Manjano hayo yakishasagwa na kutiwa kwenye vidonge, huuzwa dunia nzima kwa ahadi nyingine kabisa: kwamba yanazuia uzee. Karafuu nayo ina sifa zake, na habasoda ndiyo usiseme. Ahadi hizi hazikuzuliwa hewani. Nyingi zimeanzia kwenye ugunduzi wa kweli wa maabara, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu muuzaji anaonyesha utafiti halisi, ila utafiti huo haukupima kile anachokiuza. Kilichopimwa ni kemikali ndani ya chupa. Kinachouzwa ni miaka ya binadamu.

Tuanze na karafuu. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alitoa nadharia kwamba mwili huzeeka kwa sababu ya chembe kali zinazozaliwa seli zinapotumia oksijeni, ambazo huziharibu seli hizo kidogo kidogo. Kama ni hivyo, watu wakawaza, basi antioksidanti, yaani vitu vinavyozima chembe hizo, vitachelewesha uzee. Kikaja kipimo cha maabara cha nguvu hiyo, kiitwacho ORAC, na Wizara ya Kilimo ya Marekani ikatoa orodha ya vyakula pamoja na alama zake. Karafuu iliyosagwa ilikuwa karibu na kilele. Wauzaji wa virutubisho walishangilia. Lakini mwaka 2012 wizara hiyo hiyo iliiondoa orodha, ikieleza kuwa alama zile hazionyeshi kitakachotokea ndani ya mwili wa mtu na kwamba makampuni yalikuwa yakizitumia vibaya. Majibu kutoka kwa watu wenyewe yalikuwa yamefika zamani. Huko Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa antioksidanti, yaani beta-karotini au vitamini E, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliotumia beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Karafuu yenyewe haina hasara katika haya. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia hadi leo kutuliza maumivu, na sifa hiyo haihitaji kupambwa.

Kwenye manjano kinachopigiwa debe ni kurkumini, kemikali inayoyapa rangi. Mwaka 2017 wanakemia wakiongozwa na Kathryn Nelson walipitia yaliyoandikwa juu yake, yakiwemo majaribio zaidi ya 120 kwa wagonjwa. Waliikuta haidumu, mwili hauifyonzi vizuri, na inavuruga vipimo vya maabara hata ikaonekana inafanya kazi mahali ambapo haifanyi. Hawakuona jaribio lililolinganisha kwa haki na likafaulu. Swali la umri nalo limeulizwa moja kwa moja. Marekani ina mpango wa serikali ambamo maabara tatu hujaribu kitu kimoja kwa panya kwa wakati mmoja, ili kosa la moja lionekane kwa nyingine. Mwaka 2013 walitangaza kuwa kurkumini haikuwarefushia panya maisha. Rezveratroli, kemikali iliyotukuzwa kwa kuwa imo kwenye zabibu, nayo ilianguka, ilhali mwaka 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikuwa imelipa dola milioni 720 kuinunua Sirtris, kampuni iliyojengwa juu ya matumaini hayo. Hata hivyo panya wa mpango huo huo wanatuzuia kusema kwamba elimu yote ya uzee ni porojo. Katika matokeo ya mwaka 2009 walipewa dawa ya rapamaisini wakiwa tayari wazee, na umri ambao panya tisa kati ya kumi huwa wamekufa ukasogea mbele kwa asilimia 14 kwa majike na 9 kwa madume. Kwa binadamu dawa hiyo hupunguza nguvu za kinga, ndiyo maana hupewa waliopandikizwa figo, na hakuna jaribio lililoonyesha kuwa inaturefushia umri.

Wapo watakaosema wazee wetu walikula viungo na wakaishi miaka mingi. Pilau hiyo hiyo, lakini, waliila pia waliozikwa wakiwa na miaka arobaini, na hao hawapo kutoa ushahidi. Umri nao unahitaji karatasi. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hulipa pensheni kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, na kwa waliozaliwa zamani bila cheti, miaka mara nyingi hukadiriwa kwa matukio. Hilo haliko kwetu tu. Mtafiti Saul Newman, aliyepewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2024, alionyesha kuwa majimbo ya Marekani yalipoanza kusajili vizazi, idadi ya watu waliodaiwa kuvuka miaka 110 ilishuka kwa kasi.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba mitishamba imetupa dawa za kweli. Ni kweli kabisa. Tu Youyou wa China alipata Nobel mwaka 2015 kwa kuipata artemisinini, dawa ya malaria, kutoka kwenye mmea wa tiba za kale. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto zenye artemisinini mwaka 2003, na katika Wilaya ya Kaskazini A vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya nusu kati ya 2002 na 2005. Mmea ule uligeuka dawa kwa kuchujwa, kupimiwa dozi na kulinganishwa kwa wagonjwa, kazi ambayo wauzaji wa ujana huiruka. Tena miaka iliyopatikana hapo ni ya watoto waliookolewa kutoka kwenye malaria. Hakuna aliyechelewa kuzeeka. Matangazo hupenda kuyachanganya mambo hayo mawili.

Hata kama vidonge hivi havisaidii, vitadhuru nini? Jibu liko Pemba. Katika jaribio lililosimamiwa kutoka maabara ya Ivo de Carneri, Chake Chake, watoto wadogo zaidi ya 24,000 waligawanywa kwa nasibu, wengine wakapewa madini ya chuma na foliki asidi, vitu ambavyo wengi hawakuvitilia shaka. Mwaka 2003 vidonge hivyo vilisimamishwa. Waliovitumia walikuwa wanalazwa hospitali au kufariki kwa asilimia 12 zaidi, katika kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi. Waliokuwa na upungufu wa kweli wa madini hayo walifaidika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na yakawafanya wataalamu wa dunia wafikiri upya. Kama madini ya chuma yanaweza kuwageuka watoto, kidonge cha manjano kilichoongezewa pilipili manga ili mwili ukifyonze kwa nguvu hakiwezi kupita kwa kisingizio kwamba ni kitu cha jikoni. Italia ilichunguza visa vya kuvimba ini kwa watumiaji wa vidonge vya namna hiyo mwaka 2019.

Anayetaka kupima kwa haki naye hukwama: mtafiti Nir Barzilai wa New York kwa miaka mingi anatafuta fedha za kuwajaribu watu 3,000 wa miaka 65 hadi 79, aone kama metformini, dawa ya kisukari inayopatikana hata kwetu, inachelewesha maradhi ya uzeeni. Huenda ikashindwa, kwani kwa panya wa zile maabara tatu haikufua dafu. Ila hataza ya dawa hiyo ilikwisha zamani, bei yake ni ndogo, na hakuna kampuni inayoona faida ya kulilipia jaribio lake.