Yaya Asiyekuogopa Humlinda Mtoto

Ukimwachia yaya mtoto, wewe ni mwajiri. Yaya anayeogopa kugombezwa huficha mambo. Mtoto akihara asubuhi, utajua jioni, tayari amepungukiwa na maji mwilini.

Mwambie mapema: "Likitokea jambo, nipigie simu mara moja, sitakugombeza." Likitokea, timiza ahadi hiyo. Mwonyeshe pakiti ya ORS ilipo na jinsi ya kuikoroga. Jioni muulize kwanza yeye ameshindaje, kisha mtoto amekula nini na amelala vipi.

Mlipe kwa wakati. Mpe mapumziko pia: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku moja katika kila siku saba. Aliyepumzika hubembeleza mtoto kwa subira.

Kwaheri, mama.