Bikaboneti Iliyowapoteza Madaktari

Agosti 1952, Hospitali ya Blegdam jijini Copenhagen ilifurika wagonjwa wa polio. Kati ya 31 wa mwanzo waliopooza misuli ya kupumulia, 27 walikufa. Vipimo vilionyesha bikaboneti nyingi mno katika damu yao, na madaktari wakaamua kwamba alkali imezidi, ingawa chanzo chake hakikujulikana.

Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alikataa. Kwake, ile ilikuwa dalili ya kabonidioksidi iliyokwama mwilini mwa watu wasioweza kuitoa. Tarehe 27 Agosti, msichana wa miaka 12 alitobolewa koo, akawekewa mrija, naye Ibsen akamsukumia hewa kwa kuminya mfuko wa mpira. Msichana akanusurika. Baadaye wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu za kuminya mifuko, usiku na mchana. Poul Astrup wa maabara alipopima pH ya damu, yaani kiwango chake cha asidi au alkali, alikuta asidi.

Kosa la awali linaeleweka: madaktari walisoma namba moja tu.

Damu ya ateri ya mtu mwenye afya huwa na pH ya 7.35 hadi 7.45, na kazi ya kuishikilia hapo imegawanywa kati ya mapafu na figo. Mapafu husimamia kabonidioksidi, ambayo kanieneo yake ni milimita 35 hadi 45 za zebaki, na huirekebisha kwa dakika chache. Figo husimamia bikaboneti, milimoli 22 hadi 26 kwa lita, lakini huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo bikaboneti ikipanda, huenda ndiyo ugonjwa wenyewe, au ni figo zinazojaribu kuokoa jahazi. Bila pH, haijulikani.

Namba nyingine za damu nazo hazisomwi peke yake. Sodiamu, milimoli 135 hadi 145 kwa lita, husimulia zaidi habari za maji kuliko za chumvi. Mkimbiaji wa marathoni akinywa maji kupita kiasi, sodiamu yake hushuka.

Potasiamu ndiyo ya kuogopwa. Kawaida yake ni 3.5 hadi 5.0 tu, kwa kuwa karibu yote hukaa ndani ya seli; ikivuka 6.5, moyo waweza kusimama. Nayo pia hudanganya: wakati wa kutoa damu, mpira ukikazwa mno mkononi na mgonjwa akikunja ngumi mara kwa mara, hupanda kwenye sampuli ilhali mwilini iko sawa. Maabara makini hurudia kipimo.

Anayepewa majibu yenye namba moja iliyowekewa alama, na amwulize daktari namba jirani zake zinasemaje.