Siku 183 za Mwalimu wa Bujora

Wiki hii nakupeleka Bujora, pale Kisesa, mwendo mfupi kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Wengi mnapajua kwa makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, na kwa ngoma za Bulabo zinazotifua vumbi kila Juni. Safari hii sikufuata ngoma. Nilifuata karatasi.

Jirani yangu mmoja, nitamwita Mwalimu tu, aliingia nchini Agosti 2024 kwa basi kutoka Kisumu kupitia Sirari, yeye, mkewe na watoto watatu. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha hesabu katika shule moja ya binafsi. Kibali cha ajira alikuwa nacho, na kibali cha ukaazi cha daraja B pia. Alijua kusalimia "mwangaluka" kabla hajamaliza kushusha magodoro. Lakini jioni moja ya Septemba 2025 alinifuata akiwa ameshika salari slipu.

"Kaka," akaniambia, "mimi nafundisha asilimia kila siku, lakini hii asilimia siielewi."

Nikaisoma. Mshahara shilingi 600,000. Kodi shilingi 90,000. Mwalimu mwenzake, Mtanzania, mwenye mshahara huohuo na anayeketi naye meza moja, alikuwa akikatwa kodi shilingi 24,000.

Mwalimu alidhani ameonewa kwa sababu ni Mkenya. La hasha. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiulizi pasipoti ya mtu ina rangi gani. Inauliza mtu huyo ni mkaazi au si mkaazi kwa ajili ya kodi, na ukaazi huo si ule wa kibali cha Uhamiaji. Huu unahesabiwa kwa siku. Ukikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, kuanzia Januari hadi Desemba, wewe ni mkaazi. Iko pia njia ya kuwa na makao ya kudumu hapa, na ile ya wastani wa siku zaidi ya 122 kwa mwaka huo na miaka miwili iliyoutangulia. Asiyeingia katika mojawapo hukatwa asilimia 15 ya mshahara, kuanzia shilingi ya kwanza.

Sasa tazama hesabu ya mkaazi, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021. Kwanza unatoa mchango wa mfuko wa jamii, asilimia 10, yaani 60,000. Zinabaki 540,000. Katika hizo, 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Zinazofuata, hadi kufika 520,000, hukatwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Zile 20,000 za juu hukatwa asilimia 20, nazo ni 4,000. Jumla 24,000. Ndiyo kodi ya yule mwenzake.

Kuna jambo hapa linalonikera, na nitalisema. Asilimia 15 hiyo ni mzigo kwa mtu wa mshahara mdogo, lakini kwa mtaalamu anayekuja na mshahara wa milioni mbili ni nafuu. Mkaazi wa mshahara huo hukatwa kodi 368,000, na asiye mkaazi hukatwa 300,000. Mgeni wa chaki analipa kuliko mwenyeji, na mgeni wa kiyoyozi analipa pungufu.

Tukarudi kwenye kalenda. Kuanzia Agosti hadi Desemba 2024 Mwalimu hakufikisha siku 183. Kwa hiyo mhasibu wa shule, alipomwandika si mkaazi mwaka ule, alikuwa na hoja. Lakini mwaka 2025 ulianza upya kwa hesabu. Mwalimu alikuwa hapa tangu Januari mosi, akaenda kwao siku 12 tu za Aprili. Katikati ya Julai siku zake 183 zilikwisha kutimia. Mhasibu hakugeuza kitu. Fomu ilijazwa mara moja, ikafungiwa kabatini, na kila mwezi 66,000 zikaondoka. Kwa miezi minane ni shilingi 528,000, na nyumba ile ina watoto watatu wanaovaa sare.

Tuliiomba fomu ile tuione. Ilikuwa na mambo. Palipoulizwa kama ana ajira nyingine, Mwalimu alikuwa ameandika "ndiyo", akifikiria shule yake ya zamani Kenya ambayo hakuwa ameiandikia barua ya kuacha kazi, kisha akakata kwa kalamu. Bahati yake alikata. Ajira ya pili hapa kwetu hukatwa asilimia 30 moja kwa moja, bila lile fungu la 270,000 lisilotozwa. Ukibadilisha kazi, ndugu yangu, hakikisha mwajiri mpya anajua kwamba ya zamani imekwisha.

Mahali pa mke na watoto Mwalimu alikuwa amejaza kwa mwandiko wa kupendeza, akitumaini kwamba watapunguza kodi. Hawapunguzi. Kodi yetu ya mshahara humtazama mtu mmoja mmoja. Majina yale yana kazi katika bima na mafao, kwa hiyo yajaze, lakini usiyawekee matumaini mengine. Huko kwao amezoea nafuu ya shilingi 2,400 za Kenya kwa mwezi, nayo pia ni ya mlipaji mwenyewe. Alizoea vilevile kupeleka ritani kabla ya Juni 30 kila mwaka. Nikamwambia hapa mkaazi mwenye mshahara wa mwajiri mmoja tu, bila pato jingine, hatakiwi kupeleka ritani. Mwajiri ndiye hukata na kupeleka, kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile.

Namba ya mlipakodi alikuwa nayo, tena ile isiyo ya biashara. Hilo ni zuri, maana wapo wanaochukua namba ya biashara kwa kutojua, kisha wakashangaa kuletewa makadirio ya duka ambalo hawana. Na namba hiyo ni bure. Anayekudai "hela ya fomu" anajitafutia chai.

Mkewe alikuwa ameketi mlangoni akisikiliza. Akauliza: "Shemeji, na mimi nikifungua saluni, itakuwaje?" Hapo ilinibidi nimpe habari mbaya. Kibali chake ni cha mtegemezi, hakimruhusu kufanya kazi. Zaidi ya hapo, amri ya Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogondogo, rejareja na saluni zikiwamo. Alinyamaza, akaenda kutazama sufuria.

Asubuhi yake tulipanda daladala hadi mjini, kupitia Igoma na Buzuruga, Mwalimu akiwa na nakala ya kila ukurasa wa pasipoti uliogongwa muhuri. Mihuri ile ndiyo ushahidi wa siku zake. Kabla ya safari hiyo alikuwa amemwandikia mwajiri barua ya kuomba ukaazi wake urekebishwe. Kilichozidi huombwa kwa Mamlaka ya Mapato, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 ina kifungu cha marejesho. Afisa tuliyemkuta alisoma mihuri mmoja mmoja, akihesabu kwa vidole kama mwanafunzi wa darasa la pili, akafika 183 na kupita.

Mshahara wa Oktoba ulikuja na kodi ya 24,000. Ombi la zile 528,000 bado lina safari yake, na nakala zote ziko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Wiki ijayo, nikijaliwa, nitazungumzia bei ya dagaa pale Kirumba. Kwaherini.