Mkazo na Urefu wa Irabu katika Kusoma Kilatini kwa Sauti

Katika shule za sekondari za Kongo, mchepuo wa Kilatini na Falsafa humkuta mwanafunzi wa Mulungwishi akiwa na lugha kadhaa kinywani. Kila moja humsaidia, na kila moja yaweza kumpoteza.

Kiswahili humpa irabu tano zilizo karibu na za Kilatini. Kifaransa, lugha ya darasani, humvuta alitamke jina la Cicero "Sisero", ilhali Warumi wa zama zake walisema "Kikero". "Chichero" ni matamshi ya Kanisa Katoliki, yaliyofuata Kiitaliano.

Tatizo kubwa ni mkazo. Kiswahili huuweka katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika maneno ya silabi tatu au zaidi, Kilatini hufanya hivyo pale tu silabi hiyo inapokuwa nzito, yaani yenye irabu ndefu au unganifu, ama iliyofungwa kwa konsonanti: amīcus (rafiki), magister (mwalimu). Ikiwa nyepesi, mkazo hurudi nyuma silabi moja. Hivyo dominus (bwana) ni DO-mi-nus, wala si do-MI-nus.

Urefu hubeba maana pia: venit yenye e fupi ni "anakuja", yenye e ndefu ni "alikuja". Hapa Kifaransa hakimfai. Lakini anayezungumza Kiluba au Kibemba nyumbani, lugha zinazotofautisha maana kwa urefu wa irabu, ana sikio lililokwisha kuzoea. Mwalimu na aanzie hapo: irabu ndefu zitiwe alama, sentensi isomwe kwa sauti, ndipo ifasiriwe.