FUNDI AJARIBU KWANZA

Je, mashine ya kutoka mbali ikiharibika kijijini, nani ataitengeneza?

Mjini Arusha liliundwa shirika liitwalo Twende. Si la kutafuta faida. Halikuanzishwa ili kugawa mashine, bali kufundisha watu kuziunda wenyewe. Mwanzilishi wake mmoja ni ndugu Bernard Kiwia, fundi baiskeli. Mwaka 2008 alihudhuria mafunzo ya ubunifu Marekani. Aliunda chombo cha kuchaji simu kwa kukanyaga pedali za baiskeli!

Kazi huanza na chombo kimoja cha vyuma chakavu. Mpe mkulima wa Arumeru akitumie. Akisema ni kizito, kipunguze. Hapo wengi huchoka. Lakini ukikimbilia kuunda hamsini kabla ya kujaribu, mtaji wako wote utaota kutu. Kikikubalika, ndipo upige hesabu ya chuma, jasho lako na bei.