Orodha na Seti katika Uhifadhi wa Data: Mfano wa Mbu wa Lupiro

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kawaida, neno orodha hubeba dhana mbili. Orodha ya wapiga kura haipaswi kuwa na mtu mmoja mara mbili. Orodha ya mauzo ya siku hupotosha hesabu iwapo bidhaa iliyouzwa mara tatu itaandikwa mara moja. Katika utungaji wa programu za kompyuta dhana hizi hutenganishwa: ya kwanza ni seti, ya pili ni orodha. Makala haya yanadai kwamba kuchagua kati yake ni suala la maana kabla ya kuwa suala la kasi.

2.0 Tofauti za Msingi

Orodha hutunza mfuatano na huruhusu marudio. Seti huhifadhi kila kipengele mara moja tu, wala haijali mfuatano. Ili kutambua kama kipengele kimo katika orodha isiyopangwa, kompyuta hukagua kimoja baada ya kingine. Vipengele 100,000 vyaweza kudai ukaguzi mara 100,000. Seti ya lugha kama Python hukokotoa namba kutokana na kipengele chenyewe, na namba hiyo huelekeza mahali pa kutafuta. Kwa hiyo, kwa wastani, muda wa kutafuta hauongezeki sana seti inapokua, ingawa nafasi zaidi ya kumbukumbu hutumika.

3.0 Mfano wa Lupiro

Lupiro, katika bonde la Kilombero, ni mojawapo ya mahali ambapo Taasisi ya Afya Ifakara imechunguza mbu waenezao malaria. Chukulia kwamba mtego mmoja umenasa Anopheles arabiensis 48 na Anopheles funestus 2. Majina ya spishi yakiandikwa kwa kila mbu, orodha itakuwa na vipengele 50. Seti itakuwa na viwili. Usiku mwingine wenye idadi zilizogeuzwa ungetoa seti ileile. Seti hiyo hujibu ni spishi zipi zilizonaswa, lakini imefuta wingi wao. Hasara hii si ndogo: utafiti wa bondeni humo uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba funestus, ingawa walikuwa wachache kuliko arabiensis, ndio walioeneza sehemu kubwa ya maambukizo. Hitimisho la namna hiyo halipatikani bila hesabu ya kila spishi.

Hata hivyo, kosa haliko katika seti yenyewe. Kila mbu akipewa namba yake ya sampuli, seti ya namba hizo itabaki na vipengele 50, na sampuli iliyoingizwa mara mbili kwa bahati mbaya haitahesabiwa tena.

4.0 Hitimisho

Swali la kwanza, basi, ni hili: kipengele ni nini, na je, marudio yake ni habari au ni kosa? Mwanaisimu hulikabili swali hilohilo anapotofautisha jumla ya maneno ya matini na idadi ya maneno tofauti yaliyomo. Marudio yakiwa habari, orodha ndiyo ifaayo. Yakiwa kosa, seti. Kasi huzingatiwa baada ya hapo, kwa kuwa orodha yaweza kugeuzwa seti wakati wowote, ilhali seti haiwezi kurejesha kilichofutwa.