Ua Halijafa, Limelala

Ulaya watu husubiri tulipu baridi ikiisha. Sisi tuna ua letu linalosubiri mvua. Mvua za kwanza baada ya kiangazi zikishuka, linachomoza kwenye udongo mtupu: bua moja nene, na juu yake mpira mwekundu. Ukisogea karibu unaona si ua moja bali vijiua vingi, pengine zaidi ya 100. Wataalamu wanaliita Scadoxus multiflorus, na ni la Afrika kabisa, halikuja na meli.

Tatizo letu wana-hosteli ni moja. Linachanua, tunapiga picha, majani yakikauka tunasema limekufa, tunatupa. Kumbe limelala tu.

Chini ya udongo kuna tunguu, umbo lake kama kitunguu cha jikoni. Hilo ndilo ghala. Majani hutengeneza chakula kwa msaada wa mwanga, kisha chakula kinashushwa na kuwekwa humo. Yaani ua la mwaka kesho linalipiwa na majani ya mwaka huu. Ukikata majani mabichi kwa sababu ua limeshanyauka, umelila bumu lote wiki ya kwanza. Usije ukashangaa msimu ujao ukipata majani bila ua.

Kulitunza si kazi. Tafuta chungu au ndoo kuukuu, toboa matundu chini, changanya udongo wenye mboji na mchanga kidogo ili maji yasituame. Panda tunguu shingo yake ikiwa usawa wa udongo. Weka karibu na dirisha, lakini siyo kwenye jua kali la mchana. Chipukizi likitokeza, anza kumwagilia. Ingiza kidole, udongo wa juu ukiwa mkavu ndipo uongeze maji. Majani yakianza kuwa ya njano yenyewe, punguza maji, kisha acha kabisa. Maji mengi wakati wa usingizi huozesha tunguu. Na usilihamishe kila mwaka, halipendi kusumbuliwa mizizi.

Sasa hili lisikie vizuri: tunguu hili lina sumu. Lina alkaloidi zinazoweza kumfanya mtu atapike na kuhara, na mnyama pia. Kwenye chumba ambacho vitunguu vya kupikia vinakaa chini ya kitanda, usithubutu kuliweka tunguu hilo jirani navyo. Liache ndani ya chungu chake, andika jina juu, na nawa mikono ukishalishika. Nyumbani kwenye watoto, liweke juu wasikofika.

Kwa sisi tunaoenda kufundisha, chungu kimoja kinatosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi mmea unavyoweka akiba. Kwa hiyo chungu kikionekana kitupu mwezi wa Agosti, jamani, msikigeuze jaa la maganda ya karanga. Kuna kitu humo kinasubiri mvua.